Kesho Sitafagia Kivuko

Kivukoni Garsen, jioni

Mwanangu Zakaria,

Mama yako ndiye aliyenitia kalamu mkononi. Amesema, "Mdomo wako leo una moto. Mwandikie mtoto, huenda kwenye karatasi ukapoa." Basi nimekaa kibandani hapa kivukoni. Lori la mwisho limeshavuka, pantoni imefungwa kwenye nguzo, na mwanga bado ni mzuri. Komora yuko mlangoni anajifanya anasuka kamba, kumbe anataka kujua naandika nini. Tangu tuanze kazi hii pamoja hajaniona nikiandika kitu kirefu kuliko ombi la misumari.

Mambo ya nguo, sabuni, blanketi na mtu utakayefikia kwake Mombasa sitayagusa. Mama yako ameyasema juma zima mpaka mbuzi wameyajua. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile lililotugombanisha mchana.

Uliniomba kwa adabu, hilo sikatai. Ulisema, "Baba, kesho Bwana Mkaguzi anapita kunichukua, tuvuke naye hadi Witu, kisha tushuke Mombasa kwa jahazi kutoka Lamu. Ni siku yangu ya kwanza kama karani wake. Tafadhali waite baba wadogo waje kuongeza nguvu ya kuvuta, nyasi zikatwe, na ule waya wa kuvutia pantoni upakwe grisi. Nisiaibike." Nami nikakupigia kelele kama mtu aliyetukanwa, sahani ikapinduka, ukaondoka kwenda Ngao kumuaga nyanya yako bila kumaliza kula. Nilikutazama ukishika njia ya ukingoni na ile baiskeli ya kuazima, mgongo umenyooka kwa hasira, nikasema moyoni, lo, huyo ni mimi kabisa. Nisamehe kelele. Lakini jibu lenyewe silirudishi nyuma. Kesho sitafagia.

Nimemwambia mama yako akupe karatasi hii asubuhi pamoja na chai, kabla gari halijafika. Usinywe umesimama. Kaa, unisikilize mpaka mwisho, kisha ukitaka kukasirika tena utakasirika ukiwa umeshiba.

Unajua tulivyolelewa sisi watu wa mtoni. Mgeni akija, mkeka uliotoboka unakunjwa na kufichwa, unaazimwa wa jirani. Hata kama jana tulilala na njaa, mgeni anakula samaki mzima, na watoto wanaambiwa wameshiba. Nyanya yako ni bingwa wa mambo hayo. Nina hakika leo amekukaangia kuku ambaye alikuwa wa kutaga. Si unafiki. Ni heshima, ili shida yetu isimkae mgeni kooni. Nililelewa hivyo, na nilipofanywa msimamizi wa pantoni hii, wewe ukiwa bado unatambaa, nikaichukua heshima hiyo yote nikaileta kazini.

Mkaguzi wa wakati ule alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu, mwepesi wa kucheka. Boma la Disii, mkuu wa wilaya, likaleta habari kwamba atakuja kutazama kivuko. Ebo, ungetuona! Niliita kaka zangu wote na wajomba zako. Tulikata nyasi pande zote mbili za mto, tukapaka chokaa mawe ya njia. Wachungaji wa Kiorma waliokuwa wakingoja kuvuka niliwasihi warudishe ng'ombe nyuma ya vichaka, wasije wakanyea njia ya mgeni. Wakacheka sana, wakakubali. Waya nao ulikuwa umeanza kuchakaa. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika mahali pengi, zimesimama kama miiba, zinachana mikono. Mimi mwenyewe niliupaka grisi kutoka nguzo hadi nguzo, nikizilaza zile nyuzi chini taratibu, kama mama anavyomlaza mtoto nywele kabla ya kwenda kanisani. Ukang'aa, mweusi, mzuri.

Bwana akavushwa kama anateleza. Kila mtu na kishikio chake, vile vigongo vyetu vyenye pengo vya kuukamata waya, wanavuta na kuimba, maji yenyewe siku hiyo yalikuwa na adabu. Mama yako akampikia wali. Bwana akanipa mkono mbele ya watu, akasema, "Hii kivuko mzuri kupita yote." Nilitembea na maneno hayo Garsen nzima. Hata ambaye hakuniuliza nilimwambia.

Masika yaliyofuata maji yakashuka mekundu, yamebeba magogo. Hadithi ya vidole vya Komora unaijua. Amewasimulia watoto wote wa hapa, leo mamba, kesho kiboko, keshokutwa mke wake siku aliyochelewa kurudi. Na ukajua ulipokua kwamba ni waya. Ila kuna sehemu ambayo yeye huiruka kwa kunistahi, nami sitaki uondoke bila kuisikia. Pantoni ilikuwa katikati ya mto na basi la Lamu juu yake, abiria wamesimama kando na mizigo yao. Gogo likaja likagonga ubavu, waya ukakatika mahali palepale nilipozilaza nyuzi kwa grisi. Ncha yake ikaruka ikampiga Komora mkononi, ikaondoka na vidole. Pantoni ikazunguka, ikachukuliwa na maji, kila mtu anamwita Mungu kwa lugha yake, mpaka ikakwama kwenye mchanga wa kona ya chini. Hakufa mtu, na hilo si kwa akili yangu.

Tulimpeleka Komora hospitali Ngao kwa mtumbwi, kichwa chake mapajani mwangu. Njia nzima aliniuliza neno moja tu. "Ile grisi, ndugu yangu, tuliipaka kwa ajili ya nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua kweli. Nililia, Zakaria, mbele ya wapiga kafi, wala sikuona haya.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kivuko. Basi lilifika hapa likageuza. Wagonjwa na nafaka vilivuka kwa mitumbwi, na siku za maji makali havikuvuka kabisa. Mama yako aliona mahindi ya watu yakiota ndani ya magunia, ukingoni. Halafu tukaletewa waya wa kushikiza, mwembamba, umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na habari ikaja kwamba Bwana yule yule atafika. Utaniamini nikikwambia nilifanya nini? Nilichukua panga nikaanza kukata nyasi! Mkono ulikuwa umezoea. Komora akaja, bandeji bado iko, akaniambia, "Weka panga chini. Safari hii tusimkaribishe Bwana. Tumvushe tu."

Basi tukamvusha tu. Alifika akakuta ng'ombe wako mbele yake, akangoja. Akakuta mwanamke amekaa juani na mtoto mwenye homa, akamuuliza amekuja tangu saa ngapi. Yule mama akamjibu, "Tangu jana, Bwana." Tulipopakia gari lake tulikuwa sisi wa kila siku, hakuna kaka wala mjomba, na Komora anavuta kwa mkono mmoja na kwapa. Katikati ya mto waya ukazama, tukakwama. Mbu, jua, ng'ombe wanakojoa. Nilitamani maji yanimeze. Komora akamnyooshea Bwana kishikio, kama mtu anayempa mwenzake jembe. Na yule Mzungu akavua kofia, akakishika, akavuta nasi.

Aliposhindwa kuvuta tena alikaa juu ya pipa, viganja vinatoka damu, akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kupindapinda: "Msimamizi, Nairobi iko fungu moja. Vivuko iko mingi. Mimi naandika hii mbaya, fungu nakuja. Mimi naandika hii mzuri, fungu nakwenda kwa ingine. Mwaka ile mimi naandika Garsen mzuri sana. Kwa nini wewe hapana sema?"

Nikamwambia, "Bwana, ulikuwa mgeni wangu."

Akanitazama, akaitazama na bandeji ya Komora. "Mimi hapana mgeni," akasema. "Mimi iko macho ya Nairobi. Wewe nafunga macho."

Mwanangu, nilisoma shule ya misheni mpaka walipochoka nami, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha jambo kwa maneno machache hivyo. Mpaka siku ile nilidhani Serikali ni kama tajiri mwenye nyumba. Akipendezwa nawe anakupa, basi umpendeze. Kumbe huko juu kuna watu wamekaa mezani na fungu la fedha za barabara na vivuko, hawajawahi kuuona mto huu, hawajui kama Tana ina maji au ina maziwa. Wanagawa kwa kufuata kile walichoandikiwa. Na aliyewaandikia alikuwa amesimama juu ya chokaa yangu, anakula wali wa mama yako. Waya wetu mpya wa mwaka ule ulikwenda kivuko kingine, na aliyeupeleka huko ni mimi kwa mikono yangu ya grisi.

Nikakosea tena baadaye, usidhani nilierevuka siku moja. Maombi yangu ya kwanza baada ya hapo niliyaandika kwa kupiga magoti. "Tunaomba huruma yenu kubwa, mtukumbuke sisi wanyonge." Hayakujibiwa, na sishangai, maana hata mimi nikiyasoma leo sijui nilikuwa nataka nini. Ndipo nikajifunza kusema kitu chenyewe. Waya umekatika nyuzi hapa na hapa, maji yakifika alama hii ya nguzo hauhimili basi, wavutaji wanapumzika mara mbili katikati. Basi. Wala si sadaka tunayoomba. Kodi inalipwa Garsen kama inavyolipwa kwingine, na Muorma aliyeuza ndama wake ili ailipe ana haki yake katika waya ule, awe na ng'ombe wa kuvusha mwaka huo au asiwe nao.

Waya mpya ulikuja. Ulichukua muda wake, maana ombi hutoka hapa likapanda kwa Disii, likatoka kwa Disii likaenda Mombasa, likatoka Mombasa likaenda Nairobi, huko likalala, kisha likashuka ngazi zilezile kwa mwendo wa kinyonga. Lakini ulikuja. Ndio huu uliokuvusha wewe ukienda shule, ndio uliovusha sanduku la mama yako aliporudi kutoka msibani Kipini. Na wewe sasa unakwenda kukaa kwenye mojawapo ya ngazi hizo. Najivunia, Zakaria. Nimekaa hapa nakuandikia kwa ukali wangu huu, na huku kifua kimejaa mpaka shati linabana. Mwana wa mvuta waya anakwenda kuwa macho!

Kwa hiyo nakwambia lile ambalo hakuna msimamizi mwingine atakayekwambia. Kila utakapofika, utakuta pamefagiliwa. Watakuchinjia kuku, watakuita Bwana Karani, watakuvusha kama unateleza. Na hawatakuwa watu wabaya. Mimi nilimdanganya mkaguzi nikiwa mtu mwema kabisa, nikiwa na nia safi na shati safi. Kula kuku wao, usiwavunje moyo, lakini kabla ya kuandika nenda ukakae na wanaongoja kuvuka. Muulize mwanamke mwenye mzigo amefika tangu lini. Tazama viganja vya wavutaji. Pitisha mkono kwenye waya, na ukitoka mweusi kwa grisi, ufute waya, upitishe tena. Na ukiweza kufika bila kuarifu, wakati wa maji makubwa, fika.

Tena usitupendelee. Najua utashawishika. Utakaa Mombasa, utakumbuka mama yako na Komora, kalamu itataka kutuongezea shida kidogo ili fungu lije kwetu. Usithubutu. Kuna kivuko kingine mahali, chenye Komora wake ambaye vidole vyake vyote bado viko. Tuandike tulivyo.

Sasa turudi kwa kesho, maana ndiko maneno haya yote yanakoelekea. Ule waya mpya si mpya tena. Wewe mwenyewe umeuona, ndiyo maana ulitaja grisi. Jicho lako liliona kabla moyo haujakubali. Nyuzi zimeanza kusimama, na pabaya kabisa ni katikati, palepale pa zamani, Mungu ana mizaha yake. Nimeomba, nikaomba tena, sijajibiwa. Masika hayako mbali. Mvutaji anayesimama mbele siku hizi ni mwana wa Komora, yule Buya uliyekuwa ukiogelea naye, na mama yake amekwisha kuniuliza kama waya ule utamwachia mwanawe vidole. Bwana Mkaguzi huyu wa sasa hajawahi kupita hapa. Atapita mara moja, kesho, kisha atapanda gari aende zake Witu. Kama atateleza juu ya maji kwa nguvu za baba zako wadogo, ataandika alichokiona, nami nitangoja masika nikiwa na sifa nzuri.

Najua hii ni siku yako. Najua umepiga pasi suruali ile, na kwamba unaogopa aone unatoka mahali pa kukwama. Ningeweza kukupa siku laini, naipenda furaha yako kuliko unavyojua. Lakini siwezi kuinunua kwa mkono wa Buya. Nimemtia Komora kilema cha maisha kwa ajili ya kusifiwa siku moja. Mtoto wake simgusi.

Basi itakuwa hivi. Tutavuta sisi wa kila siku. Ng'ombe wakiwa mbele, mtangoja. Katikati ya mto tutakwama, maana ndivyo tunavyokwama kila siku. Usinitazame kwa hasira, chukua kishikio, uvute. Kimoja nimekichonga leo mchana ulipoondoka, ndicho kilichonipoza kidogo, kiko karibu na nguzo, mti mwepesi, kinakufaa mkono. Kingine nimemwekea Bwana. Akikataa, shauri yake.

Halafu nitakuita kwa jina mbele yake. Sitamwonyesha mimi ule waya. Nitakuita wewe, karani wake, uje uushike pale nyuzi zilipokatika, umwambie ulichokiona. Hilo litakuwa neno lako la kwanza kazini, na ni wewe utakayelichagua. Mimi nitasimama kando kama msimamizi mwingine yeyote anayengoja kusikia ataandikwa nini.

Mbele ya Bwana niite Msimamizi, ndiyo kazi. Lakini mkishafika ng'ambo, gari likianza kupanda kilima, toa kichwa dirishani uniite Baba. Ita kwa nguvu, mto si mpana. Nitakuwa bado nimeushika waya, nitakusikia.

Baba yako